Kitabu cha Venice na Sanduku la Duka

Mwaka 1494 kitabu cha mtawa Luca Pacioli kilipigwa chapa mjini Venice, Italia. Njia hii ya hesabu hakuibuni yeye. Wafanya biashara wa mji ule walikuwa wakiitumia zamani. Kwanza andika mali yako yote na madeni yako yote. Kisha andika kila jambo mara mbili, lilikotoka na lilikokwenda. Mwisho, toa faida na hasara.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo yetu leo. Umeuza vitu kwa shilingi 100. Mwezi uliopita ulivinunua 70. Kodi ya duka, 20, hujalipa. Sandukuni mna 100, lakini faida ni 10 tu. Ukila 30, basi 20 ni rasilmali yako. Haya, andikeni daftarini.