Njia ya Yungas, Iliyoitwa Njia ya Mauti

Wasomaji wetu wengi wamepata kupanda lori katika nchi ya milima, nao wajua jinsi moyo unavyoshtuka magurudumu yakikaribia ukingo wa njia. Leo twataka kuwaeleza habari za njia moja iliyo mbali nasi, katika nchi ya Bolivia, Amerika ya Kusini. Watu waliiita Njia ya Mauti, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha.

Mji wa La Paz, ambao ndio makao ya serikali ya Bolivia, umejengwa juu sana, yapata meta 3,600 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi na upepo. Lakini ukivuka safu ya milima iliyo upande wa kaskazini mashariki, unateremka katika mabonde ya Yungas, yenye joto na mvua nyingi. Huko hustawi kahawa, machungwa, ndizi, na koka, ambayo wenyeji huyatafuna majani yake tangu zamani. Huko pia wanakaa wazao wa Waafrika, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani zamani za utawala wa Wahispania. Katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 iliwatambua kuwa ni mojawapo ya makabila ya nchi ile. Basi watu wa mjini walihitaji vyakula vya mabondeni, na wakulima wa mabondeni walihitaji soko la mjini. Kati yao ulisimama mlima, na mizigo ilipita kwa nyumbu na kwa migongo ya watu.

Mwaka 1932 vilizuka vita kati ya Bolivia na jirani yake Paraguay, wakigombea nyika iitwayo Chaco. Mapigano yalidumu hata mwaka 1935, na maelfu ya watu wakafa kwa risasi, kwa kiu na kwa maradhi. Wapiganaji wa Paraguay waliotekwa walipelekwa milimani kuchonga njia ya motokaa ya kwenda Yungas. Tufikiri kidogo habari za watu hao. Nchi yao ni ya tambarare na joto. Nao walitiwa sururu mikononi wakaambiwa wakate majabali penye baridi na ukungu, juu ya mashimo yasiyoonekana mwisho wake. Njia iliyokuja kusifiwa duniani kote ilianza kwa jasho la mateka.

Toka La Paz mpaka mji mdogo wa Coroico ni kama kilometa 65. Njia yapanda kwanza hata kilele cha La Cumbre, meta 4,650 hivi, kisha yateremka mpaka karibu meta 1,200. Kwa hiyo msafiri aliyeondoka amejifunika blanketi aliweza kufika akitokwa na jasho, siku ile ile moja. Mahali pengi upana wa njia ulikuwa meta tatu tu na kitu, kadiri ya kupita lori moja. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa jabali. Upande wa pili genge, na mahali pengine kina chake kilipita meta 600. Sehemu kubwa haikuwa na kizuizi chochote ukingoni. Maji ya mlimani yaliangukia njiani, ukungu ulificha mapindo, na masika yalipofika udongo ulimomonyoka. Sisi husema mwenda pole hajikwai. Lakini pale hata mwenda pole aliweza kuanguka, maana ardhi yenyewe ilikatika chini yake.

Magari mawili yakikutana mahali kama hapo, nani ampishe mwenzake? Palikuwa na sheria. Katika Bolivia magari hupita upande wa kuume, lakini katika njia hii yalipita upande wa kushoto, kama yapitavyo Kenya na Tanzania. Sababu yake ni hii: usukani wa magari yao uko kushoto, na mwenye kuteremka alipokaa kushoto alikuwa upande wa genge, basi aliweza kutoa kichwa dirishani na kuliona gurudumu lake la nje limebakiza shubiri ngapi. Gari lililopanda, ambalo ni zito kuliondosha tena likisimama, lilikaa upande wa jabali, nalo lilikuwa na haki ya kupita kwanza. Mwenye kuteremka ndiye aliyesimama au kurudi nyuma. Watu wengi walifika kwao salama kwa sababu dereva mmoja alikubali kungoja.

Hata hivyo sheria haikutosha. Tarehe 24 Julai, 1983, basi lililojaa watu lilitoka njiani likaanguka bondeni, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Misalaba ilisimamishwa kandokando ya njia ile, hapa mmoja, pale mingi pamoja, kila mmoja mahali alipoanguka mtu mwenye jamaa zake. Wale hawakuwa wapenda michezo ya hatari. Walikuwa wakulima wenye matunda ya kuuza, akina mama waliobeba watoto, watu waliopita pale kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine.

Mwaka 1995 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika iliitaja njia hii kuwa ya hatari kupita zote duniani. Kazi ya kujenga barabara nyingine ilichukua miaka mingi, na tangu mwaka 2006 magari mengi yamehamia katika barabara mpya, yenye lami, madaraja, mifereji ya maji na vizuizi vya ukingoni. Tuhesabu: tangu msiba ule wa 1983 ni miaka 23. Hatari ilijulikana na wote. Lililokawia ni fedha na nia ya kuiondoa.

Siku hizi wageni kutoka nchi nyingi huenda kuteremka njia ya zamani kwa baiskeli, nao hulipa fedha ili waonje hofu. Wengine wamekufa humo. Hatuwalaumu kwa kupenda uzuri wa milima, ambao ni mkubwa kweli. Lakini tusisahau kwamba njia hii ina historia ya watu wa namna tatu: mateka walioichonga pasipo kupenda, maskini walioipita pasipo hiari, na wageni waipitao kwa kujifurahisha. Hao wa mwisho hupita mbele ya misalaba ya wale wa pili, juu ya jabali lililokatwa na wale wa kwanza.

Nasi tunaposikia njia yoyote ikisifiwa kwa vitisho vyake, tuulize kwanza ni nani anayelazimika kuipita kila siku ya soko.