Hapa Hushiki

Kutoka Iringa mjini hadi Ipogolo ni mwendo wa kushuka kilima kimoja tu. Mji umekaa juu, na Ipogolo iko bondeni, karibu na Mto Ruaha Mdogo, pale barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapopita bila kupanda mjini. Kwa hiyo malori husimama huko. Dereva aliyekwisha kuupanda mlima wa Kitonga hutaka kupumzisha injini, na anayeelekea pwani hutaka kukagua breki kabla ya kuushuka. Na penye watu wanaongoja, karata hazikosekani.

Hapo ndipo nilipopoteza ada ya shule mwaka 1987. Nilikuwa nimetoka Tanangozi na fedha ambayo baba aliipata kwa kuuza mahindi, nimeifunga katika leso. Nyuma ya kibanda cha chai alichuchumaa kijana mmoja, mbele yake gunia, na juu ya gunia karata tatu: mbili nyeusi na moja ya kopa. "Mdogo wangu, wewe fuata kopa tu," aliniambia. Niliifuata kwa macho, nikashinda mara mbili. Mara ya tatu fedha yote ikaenda. Niliponyoosha mkono niifunue karata mwenyewe, alinipiga vidoleni, kidogo tu, kama mtu afukuzaye inzi. "Hapa hushiki," akasema.

Baba hakunichapa. Aliuza mbuzi, akanipa ada nyingine, wala hakulitaja jambo lile mpaka alipofariki. Afadhali angenichapa.

Maneno yale mawili ndiyo yaliyonifanya, baadaye nilipopata vitabu, niulize karata zilifikaje mikononi mwetu. Jibu limo katika majina yake. Karata ni neno la Mreno, na mafungu yake manne ni ya Mreno vilevile: kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pau ni magongo. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ya Mombasa ulianza mwaka 1593, na Waomani waliiteka mwaka 1698. Katika miaka yote hiyo mia mbili Mreno hakutuachia maneno mengi. Alituachia meza, alituachia gereza, alituachia karata. Hata leso niliyofungia ada ya baba, jina lake ni lake. Bao letu halikuhitaji neno la mgeni.

Wakati wa utoto wangu karata zilikuwa alama ya uvivu. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ambayo watu waliiita Nguvu Kazi, na wale walioonekana hawana kazi mijini walikamatwa na kurudishwa mashambani. Vijana wa Ipogolo walijifunza kuficha karata chini ya gunia wakiona sare yoyote, hata ya mtu wa posta. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2003, nchi hiyohiyo ikatunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha na kuiundia Bodi yake. Kucheza kukawa na leseni, na kodi ikalipwa. Silaumu; nasema tu kwamba gunia lilipata zulia.

Mwaka 2006, nikiwa na kazi yangu Dar es Salaam, niliingia katika kasino moja. Nilikuwa nimesoma habari za mchezo wa bakara na kusikia kwamba kuna meza ambapo mchezaji huishika karata mwenyewe. Nilitaka hiyo. Mchezo wenyewe ni mwepesi: pande mbili, mchezaji na benki, kila upande karata mbili au tatu, na unaokaribia tisa ndio ushindi. Kumi na wazungu huhesabiwa sifuri. Nane na tano ni kumi na tatu, kumi hutupwa, inabaki tatu. Binti mgawaji alizifunua karata zote yeye mwenyewe, upesi upesi. Nilimwuliza kama naweza kuzifunua zangu. Akatabasamu kwa adabu: "Samahani baba, kwenye meza hii hushiki."

Nilicheka peke yangu, watu wakanitazama.

Sababu niliielewa baadaye, na ni ya hesabu tupu. Katika meza kubwa, yule aliyeweka dau kubwa kuliko wote huinua ukingo wa karata taratibu, akitafuta alama za pembeni. Akiona mbili ubavuni, ni nne au tano. Tatu, ni sita, saba au nane. Nne, ni tisa au kumi. Karata hukunjika, haifai tena, na sanduku moja huchukua karata 416, yaani pakiti nane mpya. Tena mchezo huenda polepole, na kasino hula kwa wingi wa mizunguko. Basi anayetaka kushika hulipia, na dau la chini hupandishwa hapo. Meza ya bei nafuu ni ile ambayo mkono wako umekatazwa. Macau, mji ambao Mreno huyohuyo aliutawala mpaka Desemba 1999, ndiko desturi hii ya kukunja karata ilikoshamiri, na kamari yake iliipita ya Las Vegas mwaka 2006.

Lakini lililonisumbua zaidi ni hili. Katika bakara ya kasino, kushika hakubadilishi kitu. Kanuni imekwisha kuamua nani aongezewe karata ya tatu. Ukiweka dau upande wa mchezaji, kasino hutarajia senti 124 katika kila shilingi mia. Upande wa benki, senti 106. Ukiweka kwenye sare, zaidi ya shilingi kumi na nne. Ukunje karata usikunje, ni hivyohivyo. Pale kwenye gunia, kushika kungeniokoa, ndiyo maana nilikatazwa. Penye zulia, tajiri huruhusiwa kushika kwa sababu hakumwokoi.

Sikurudi kasino. Nikipita Ipogolo hushuka nikanywa chai. Kuna benchi la wazee, madereva waliostaafu wengi wao, wanaocheza lasti kadi kwa soda, na mara nyingi hata soda haipo. Karata zao zimechakaa pembe, moja ya uru imepotea wakaandika nyingine kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la sigara. Kila mtu anaijua ile ya boksi iko kwa nani. Safari iliyopita waliniita nikae, wakanigawia, nami nikazifungua polepole mno, moja moja, mpaka mmoja wao akachoka kunisubiri.

"Cheza basi, bwana," alisema. "Zote ziko mkononi mwako."