Pombe ya ndizi, ketamini na mawimbi ya ubongo

Vitabu vingi vinaanzisha historia ya dawa ya usingizi Boston, tarehe 16 Oktoba 1846, siku Morton alimlaza mgonjwa kwa eta mbele ya waganga. Sawa. Lakini kwetu Kpandroma ingetosha kuvuka Ziwa Albert. Mwaka 1879, kule Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin aliona wataalamu wa kienyeji wakipasua tumbo la mwanamke kijana ili kutoa mtoto. Kwanza walimnywesha pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Pombe ileile waliitumia kunawa mikono na kuosha tumbo lake. Kidonda wakakifunga kwa pini za chuma, na siku ya 11 kilikuwa kimepona. Felkin aliyaandika hayo mwaka 1884. Mimi naona ile pombe inastahili nafasi yake karibu na eta.

Ila ndani ya kichwa cha yule mama, nani angeona? Ilibidi kungoja Hans Berger, kule Jena Ujerumani, aliyeanza kupima umeme wa ubongo wa mtu mwaka 1924 na kutangaza mwaka 1929. Mwaka 1937 Gibbs na Lennox, Boston, wakaonyesha kwamba dawa zinageuza yale mawimbi, na kwamba yanaweza kumwambia munganga usingizi umefika kina gani.

Mtu akiwa macho, mawimbi yake ni madogo na ya haraka. Ukimpa eta ao propofol yanakuwa makubwa na ya polepole, chini ya 4 kwa sekunde. Ukizidisha dawa, mstari unalala kimya, unashtuka kidogo, unalala tena.

Halafu kuna ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962. Hii njo dawa ya hopitali ndogo: haiombi mashine ya gesi, na kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Lakini chini yake mawimbi ya haraka yanaongezeka, macho yanaweza kubaki wazi, na mgonjwa hasikii kisu! Zile mashine za mijini zinazogeuza mawimbi kuwa namba, 0 mpaka 100, hapo zinadanganyika: namba inapanda kana kwamba mtu anaamka. Anayeiamini peke yake anaweza kuongeza dawa bila sababu. Munganga asiye na ile mashine anashika mapigo ya mkono na kutazama kifua kikipanda na kushuka, na kwa ketamini hajapoteza sana.