Udongo wa Gunia: Historia ya Kilimo cha Wasio na Shamba Kibera na Kawangware

Bustani ya gunia, inayoonekana leo kwenye vibaraza na kando ya kuta za mabati za Kibera na Kawangware, ni kilimo cha mtu asiye na shamba. Mwenye gunia hukodi chumba kimoja, mara nyingi cha futi kumi kwa kumi, na hana hata hatua moja ya ardhi ya kupanda. Udongo huutengeneza mwenyewe, na miche huianzisha ndani ya nyumba katika kopo, sufuria iliyotoboka au pakiti ya maziwa. Maarifa hayo ni ya zamani kuliko gunia. Asili yake ni wakati ambapo mitaa hii miwili ilikuwa mashamba, na kila mmoja ulikuwa na njia yake ya kuyapoteza.

Kibera ilianza kama makazi ya askari. Wanubi, ambao wazee wao walitoka Sudan na kuingia Afrika Mashariki wakiwa wanajeshi wa Waingereza, walianza kukaa katika msitu huo wa kusini magharibi mwa Nairobi mnamo 1904, na jina la mahali lilitokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya jeshi, likiwa na takriban ekari 4,197. Askari waliomaliza utumishi walipewa ruhusa ya kujenga, kulima na kufuga. Familia zilikata miti, zikapanda mahindi na mboga, zikalisha ng'ombe. Udongo ulikuwa bado na rutuba ya msitu, yaani majani yaliyooza kwa miaka mingi, na haukuhitaji kuongezwa kitu.

Ruhusa hiyo haikuwa hatimiliki. Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 hadi 1934, iliyoongozwa na Morris Carter, iliwahesabu Wanubi kuwa wapangaji wa Serikali wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Uamuzi huo ndio uliopunguza mashamba ya Kibera kuliko mvua au kiangazi chochote. Baada ya uhuru, mitaa ya nyumba za kudumu ilijengwa juu ya ardhi ileile, ikiwemo Jamhuri, Otiende, Ngei, Ayany na Olympic, na katika sehemu iliyobaki vyumba vya kupangisha vilijaza kila pengo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 katika Kibera, wengi wao wakiishi kwenye eneo la kilomita za mraba mbili na nusu hivi. Shamba la Mnubi lilikuwa limegeuka safu za mabati, na udongo wake ulikuwa umechimbwa kukandika kuta.

Kawangware ina historia tofauti. Iko Dagoretti, ambayo wakati wa ukoloni ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu iliyopakana na mji. Udongo wa huko ni ule mwekundu wa nyanda za Kikuyu na Kabete, uliotokana na miamba ya volkeno, wenye kina kirefu na unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki wa Nairobi, kuelekea Athi, udongo ni mweusi, unanata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Kwa hiyo mboga nyingi zilizolisha mji mchanga zilitoka magharibi, zikibebwa mgongoni na wanawake wa Dagoretti na Kiambu hadi sokoni.

Katika miaka ya 1950 mashamba ya Wakikuyu yalipimwa, vipande vikaunganishwa, na wenyewe wakapewa hati. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia Waafrika kahawa na ng'ombe wa maziwa wa kigeni, na ng'ombe hao wakaleta samadi nyingi karibu na nyumba. Dagoretti iliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Kuanzia hapo mwenye hati aligundua kwamba vyumba vinalipa kuliko viazi. Ekari iligawanywa kuwa ploti, ploti zikajaa wapangaji waliotoka Magharibi, Nyanza na Ukambani, na mashamba yakarudi nyuma kuelekea Uthiru, Waithaka na Mutuini. Lakini zizi halikuhama mbali. Mkazi wa Gatina au Kongo, vijiji vya Kawangware, bado angeweza kupata mkokoteni wa samadi ya ng'ombe kwa bei nafuu, jambo ambalo mkazi wa Laini Saba au Gatwekera, huko Kibera, hakuweza kulitegemea. Tofauti hii ndogo inaeleza kwa nini mchanganyiko wa udongo haukufanana katika mitaa hiyo miwili.

Sheria haikuwasaidia wakulima wa mjini. Wakoloni walitaka Nairobi iwe mji wa makazi na biashara, na maofisa wa afya waliamini kwamba mahindi marefu karibu na nyumba huvutia mbu wa malaria. Sheria ndogo za jiji za 1961 zilikataza kulima bila idhini kwenye ardhi ya umma na kando ya barabara, nazo zilidumu baada ya uhuru. Askari wa jiji, ambao wakazi huwaita kanjo, walifyeka mazao yaliyokaribia kukomaa. Pamoja na hayo watu waliendelea kulima. Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilifanya utafiti katika miji sita ya Kenya mwaka 1985, na ikakuta kwamba asilimia 29 ya kaya zililima chakula ndani ya mji zilimoishi. Walimaji wengi walikuwa wanawake. Matokeo hayo yalipaswa kubadilisha sheria mara moja. Ilichukua miaka 30.

Ufundi wa kukuza miche nao una historia yake hapa. Wangari Maathai alianza kazi ya vitalu katikati ya miaka ya 1970 kupitia mradi mdogo uliolenga kuwapa ajira watu wa eneo bunge la Lang'ata, ambalo wakati huo lilijumuisha Kibera na liliwakilishwa bungeni na mume wake. Miche mingi ya mradi huo ilikufa kwa kukosa maji na uangalizi. Mwaka 1977, mnamo Juni 5, alipanda miti saba Kamukunji, na kutoka hapo likakua Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Wanawake wa vijijini walifundishana kusia mbegu kwa vifaa vyovyote walivyonavyo, hata vyungu vilivyovunjika. Mwaka 1986 ilianzishwa Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya, iliyofundisha wakulima wadogo kutengeneza mboji. Wengi walihamia Nairobi wakiwa tayari na maarifa ya namna hii kutoka kwao.

Kilimo cha gunia kilisambaa kwa wingi baada ya balaa. Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ulifuatwa na mauaji na uharibifu. Soko la Toi, pembeni mwa Kibera, liliteketezwa, na reli inayokatiza mtaa huo ikang'olewa. Vibarua walikosa kazi, na bei ya chakula ikapanda kote duniani katika mwaka huohuo wa 2008. Shirika la Kifaransa la Solidarités likaanza kuwafundisha wakazi wa Kibera kupanda mboga kwenye magunia, njia iliyokuwa imeshatumika katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma. Shirika lilitoa miche ya bure kutoka vitalu vya mtaani pamoja na ushauri. Mkazi alitafuta gunia, mawe na udongo. Mwaka huohuo kikundi cha vijana wa Soweto, Kibera, kiliondoa taka kwenye jaa lililokuwa kando ya reli na kuligeuza shamba la mboga zisizotiwa kemikali, kikisaidiwa na Su Kahumbu, mkulima mashuhuri wa kilimo hai.

Gunia linajazwa kwa utaratibu maalumu. Kopo kubwa lisilo na kitako husimamishwa katikati na kujazwa kokoto, kisha udongo uliochanganywa na samadi humwagwa kulizunguka. Udongo ukifika ukingo wa kopo, kopo huvutwa juu na kujazwa kokoto tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe ibaki katikati. Maji yakimwagwa juu hushuka kupitia nguzo hiyo na kufikia udongo wa chini. Bila mawe, sehemu ya juu hulowa na kuoza huku ya chini ikikauka. Ubavuni hutobolewa matundu kwa zamu, na kila tundu hupandikizwa mche mmoja. Gunia moja huweza kubeba miche 30 au zaidi ya sukuma wiki na spinachi, na juu yake vitunguu vya majani au dania.

Kazi ngumu iko kwenye udongo wenyewe. Kanuni ya kawaida ni sehemu mbili za udongo kwa sehemu moja ya samadi iliyoiva, na mchanga kidogo, ule wa ujenzi unaoletwa kutoka Machakos, ikiwa udongo unashikana sana. Samadi mbichi haifai. Hutoa amonia inayounguza mizizi michanga, na hubeba mbegu za magugu. Ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo huachwa muda mrefu zaidi. Mboji ya maganda ya viazi, majani ya mboga na vumbi la mbao, ikirundikwa vizuri, hupanda joto hadi nyuzi 55 au 60 na kuua vijidudu vingi. Lakini rundo la namna hiyo linahitaji nafasi ya mita moja kila upande, na nafasi ndiyo isiyopatikana Kibera. Jivu la jiko hutumika kila siku. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Nairobi una asidi, na jivu huipunguza huku likiongeza potasiamu. Likizidi, hata hivyo, majani hugeuka manjano kwa sababu mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma.

Miche huanzishwa ndani kwa sababu nje kuna kuku, mbuzi na watoto. Mbegu ya sukuma wiki hufukiwa kina cha sentimita moja na huota baada ya siku tano hadi saba. Tatizo kubwa ni mwanga. Chumba cha mabati kisicho na dirisha hutoa miche mirefu, myembamba na iliyopauka, inayolala mara inapohamishwa. Kwa hiyo kopo hutolewa asubuhi na kurudishwa jioni. Tatizo la pili ni kuoza kwa shina kwenye usawa wa udongo, ugonjwa wa kuvu unaoangamiza kopo zima kwa siku mbili. Husababishwa na maji mengi na mbegu zilizobanana. Baada ya wiki nne hadi sita, mche wenye majani manne halisi huzoeshwa jua kwa siku kadhaa kabla ya kuingia kwenye gunia. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na ndiyo maana maji yaliyosuuzia mchele au mboga hayamwagwi.

Wakazi wengi wa Kibera, kwa kukosa samadi, walichota udongo kwenye majaa ya zamani kwa kuwa ulikuwa mweusi na mwepesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, waliochunguza kilimo cha gunia mtaani humo, walieleza faida zake kwa chakula na kwa ujirani, na wakapima pia metali nzito katika udongo, maji na mboga. Hofu ya metali hizo ina msingi. Jaa la mjini hubeba betri, rangi za zamani na masalia ya petroli yenye risasi, iliyoachwa kutumiwa Kenya kabla tu ya 2006. Risasi hushikamana na mboji na udongo usio na asidi, na madhara yake hutoka zaidi kwenye vumbi lililokaa juu ya majani, hivyo kuosha mboga husaidia. Kadimi ni mbaya zaidi kwa maana hiyo, kwa sababu hupanda na maji hadi ndani ya jani.

Jaribio la kuvutia zaidi lilifanyika katika kijiji cha Silanga, Kibera, kuanzia mwaka 2010. Mfuko wa choo uitwao Peepoo, uliobuniwa Uswidi na wenye kuoza ardhini, ulikuwa na urea ndani yake; urea ilizalisha amonia, na amonia ikaua vimelea kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Mifuko ilikusanywa na kutumika kama mbolea. Katika mtaa uliojulikana kwa vinyesi kutupwa kwenye mifuko ya plastiki, hilo lilikuwa wazo la heshima kubwa kwa wakazi na kwa udongo wao.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na kulima ndani ya jiji kukapata kinga ya kisheria. Mwaka 2017 Wanubi wa Kibera walipewa hatimiliki ya jamii ya ekari 288, sehemu ndogo ya zile za 1918. Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na bustani zilizokuwa mbele yake zikaenda nazo. Janga la korona la 2020 lilirudisha hamu ya kupanda nyumbani, na Wizara ya Kilimo ikazindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni.

Kilichobaki ni kupima udongo. Maabara za taifa za kilimo ziko Kabete, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kawangware, lakini huduma zake zimezoeleka zaidi kwa wenye mashamba. Kaunti iliyokubali kisheria kwamba mwenye gunia ni mkulima inapaswa kumpimia udongo wake bila malipo, na kuanza na ule uliochotwa kwenye majaa.