Upanga wa Dakika Moja

Shujaa wa tamthilia fupi za Kichina zinazotazamwa kwenye simu hapewi nafasi ya kukua. Kipande kinapoanza anapigwa kofi mbele ya wakuu wa chuo chake cha upanga, kisha anafukuzwa kwa madai kwamba hana kipaji, na kabla dakika haijatimia jiwe la kale limepasuka na nguvu za joka zimemwingia mwilini. Kufikia kipande cha tatu, waliomdharau wamekwisha kupiga magoti. Tamthilia nzima mara nyingi huwa na vipande 60 hadi 100, kila kimoja dakika moja au mbili, na picha husimama wima ili mtazamaji asihangaike kugeuza simu. Kufikia Juni 2024 watazamaji wa tamthilia fupi za kila aina nchini China walihesabiwa kuwa milioni 576. Mapato ya mwaka huo yalikadiriwa kupita yuan bilioni 50, wakati majumba ya sinema ya nchi nzima yalikusanya takriban bilioni 42.5. Wapenzi wa siku nyingi wa hadithi za upanga wanalalamika kwamba simu imeua utanzu wao kwa kuukatakata. Wana haki ya kulalamika, lakini wanamshika asiyehusika. Utanzu huu ulizaliwa ukiwa vipandevipande. Kinachouumiza leo ni pale palipowekwa lango la kulipia.

Mwaka 1923, mwandishi Xiang Kairan, aliyetumia jina la kalamu Pingjiang Buxiaosheng, alianza kutoa katika jarida moja la Shanghai hadithi ya mashujaa wa ajabu wanaotangatanga nje ya sheria za serikali. Wasomaji waliipata kidogo kidogo, toleo baada ya toleo. Mwaka 1928 kampuni ya Mingxing ilichukua sehemu yake ikatengeneza filamu kuhusu kuchomwa kwa Hekalu la Yungiyungi Jekundu, na watu walipoigombania, kampuni ikaendelea kuinyoosha hadi ikafika sehemu 18 kufikia 1931. Waigizaji walining'inizwa kwa nyaya ili waonekane wakiruka, na miali ya panga ilichorwa kwa mkono juu ya picha. Mwandishi Mao Dun, ambaye hakuipenda hata kidogo, alieleza mwaka 1933 jinsi ukumbi ulivyolipuka kwa makofi na kelele kila panga zilipoanza kurushwa. Magazeti yalisimulia habari za vijana waliotoroka kwao kwenda milimani kutafuta walimu wa miujiza, na serikali ya chama cha Kuomintang ikaipiga filamu hiyo marufuku. Hata hivyo kiu haikukatika. Mwaka 1932 huko Tianjin, Li Shoumin alianza kutoa gazetini hadithi ya mashujaa wa upanga wa milima ya Shu, wenye silaha zinazoruka zenyewe na watawa wanaotafuta uzima usio na mwisho, akaendelea nayo hadi 1949 bila kuimaliza. Tawi la ndoto na miujiza ambalo Wachina huliita xianxia, na ambalo tamthilia za simu hulichota usiku na mchana, linadaiwa na hadithi hiyo kuliko nyingine yoyote ya karne iliyopita.

Hong Kong nako mambo yalianzia gazetini. Januari 1954 mwalimu wa tai chi na mwalimu wa mtindo wa korongo mweupe walipambana ulingoni Macau, mji mzima ukawa hauzungumzi jambo jingine, na siku chache baadaye gazeti la jioni likaanza kuchapisha hadithi ya mapigano ya Liang Yusheng ili kuwashika wasomaji waliokwisha kupata moto. Mwaka uliofuata mwenzake wa gazeti hilohilo, Jin Yong, akaanza ya kwake. Kwa hiyo anayesema kwamba hadithi ya kukatizwa mahali pa moto, yenye kuandikwa haraka ili kesho mtu arudi kununua, ni uharibifu wa zama za simu, amesahau kwamba kazi zinazoheshimiwa leo kama hazina ya fasihi zilitoka hivyo hivyo.

Mvuto wa hadithi hizi nao si wa kubezwa. Karne ya kwanza kabla ya Kristo, mwanahistoria Sima Qian, aliyekuwa ameadhibiwa kikatili na Mfalme Wu bila kupata wa kumtetea, aliwatengea sura nzima watu wa upanga waliotimiza ahadi zao na kuhatarisha roho zao kwa ajili ya mnyonge. Alijua kwa nini watu huwahitaji. Mfanyakazi aliyetukanwa na bosi mchana kutwa, akiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani, anahitaji kumwona mtu aliyedharauliwa akiinuka, na hakuna haja ya kumwonea haya kwa hilo. Afrika Mashariki yenyewe inaweza kushuhudia jinsi kiini hiki kinavyovuka mipaka. Majumba ya sinema ya Dar es Salaam yalijaa kwa ajili ya Bruce Lee miaka ya 1970, na baadaye wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walizipa picha za kigeni sauti ya Kiswahili. Mtazamaji asiyejua neno la Kikantoni alielewa kila kitu: mwalimu ameuawa, mwanafunzi amekula kiapo, stelingi lazima arudi.

Lakini mwanafunzi huyo alirudi baada ya nini? Hapo ndipo tamthilia ya dakika moja inapopungukiwa. Katika filamu ya Lau Kar-leung ya mwaka 1978 kuhusu vyumba 36 vya Shaolin, kijana San Te anapita chumba kimoja baada ya kingine. Anabeba ndoo za maji huku visu vimefungwa mikononi, akishusha viwiko vinamchoma. Anapiga mifuko ya mchanga kwa kichwa hadi anaanguka. Mafunzo hayo yanameza sehemu kubwa ya filamu, na bado hakuna aliyewahi kuchoka nayo. Mtu anayatazama akijua kwamba kila pigo la mwisho limelipiwa kabla. Hata tawi la miujiza lilishika kanuni hiyo. Katika riwaya ya mtandaoni ya Wang Yu iliyoanza 2008, mtoto wa kijijini Han Li ana kipaji duni, na msaada wake mkubwa ni kichupa kinachokomaza mimea ya dawa. Anasonga mbele kwa kujificha, kuhesabu, kungoja na kukimbia pale anapozidiwa, kwa zaidi ya herufi milioni saba, na wasomaji walilipa sura kwa sura kumfuata. Uwezo katika utanzu huu ni muda uliohifadhiwa mwilini. Anayempa shujaa uwezo bila muda amebakiza ushindi na kutupa sababu ya kuushangilia.

Mtu atanijibu kwamba dakika moja ni dakika moja, na kwamba ufupi haukubali mafunzo. Hadithi ya Nie Yinniang, iliyoandikwa katika karne ya 9 chini ya nasaba ya Tang, inakanusha jambo hilo. Ni hadithi ya kurasa chache tu. Mtawa wa kike anamwiba binti wa jenerali akiwa na miaka kumi na kumrudisha baada ya miaka mitano, na binti anamweleza baba yake kwa maneno machache jinsi alivyofundishwa kuchoma nyani, kisha chui, kisha ndege angani, hadi akatumwa kuua watu. Siku moja alichelewa kurudi kwa sababu yule aliyepaswa kumuua alikuwa akicheza na mtoto, naye mkono ukamwia mzito. Mwalimu akamkaripia. Sentensi hizo mbili tatu zina gharama, zina shaka, zina hofu ya baba anayemsikiliza mwanawe na kutambua kwamba hamjui tena. Hou Hsiao-hsien alizigeuza kuwa filamu mwaka 2015, akapewa tuzo ya mwongozaji bora Cannes. Ufupi, basi, hauna hatia.

Mwenye hatia ni lango la malipo. Msomaji wa Hong Kong alinunua gazeti zima, lenye habari za dunia, mbio za farasi na bei za sokoni. Hadithi ilikuwa sehemu mojawapo. Mwandishi aliweza kutumia sehemu ya siku nzima kwa karamu ya pombe au mabishano ya mchezo wa bao, na msomaji bado alirudi kesho. Jin Yong alipoanzisha gazeti lake la Ming Pao mwaka 1959, riwaya zake ndizo zilizolibeba, na baada ya kuacha kutunga mwaka 1972 aliendelea kuzifanyia marekebisho hadi 1980, akiondoa migongano iliyoletwa na haraka ya kila siku. Tamthilia ya simu haina pa kujificha namna hiyo. Vipande vya mwanzo ni vya bure, kisha mtazamaji ananunua sarafu za programu ili afungue kinachofuata, na sehemu kubwa ya mapato inarudi kulipia matangazo yatakayoleta watazamaji wengine. Kila dakika ni duka lenye hesabu yake. Dakika ambayo mwanafunzi anachota maji tu haiuzi dakika inayofuata, kwa hiyo inakatwa. Adui mwenye sababu zake anahitaji maelezo, naye anabaki uso wa kupigwa.

Picha nayo inadhoofika. Pambano la msitu wa mianzi la King Hu, katika filamu ya 1971 iliyotuzwa Cannes mwaka 1975, linaishi kwa upana wa msitu: jicho linapima umbali kati ya wawili wanaotaka kuuana. Fremu ya wima humtosha mtu mmoja aliyesimama, na tamthilia nzima ikipigwa kwa muda wa kama wiki moja huko Hengdian, mji wa studio za filamu, hakuna nafasi ya kuwafundisha waigizaji hatua za upanga. Ndiyo maana mapigano mengi ni mwanga wa kompyuta na uso uliokaza meno.

Wako watakaosema kwamba haya ni majivuno ya watu wa vitabu, na kwamba Mao Dun alisema hivyo hivyo akashindwa. Mao Dun aliwashambulia watazamaji kwa kupenda ndoto. Mimi nadai watazamaji hao wapewe ndoto kamili. Serikali ya China imejaribu dawa yake: kati ya mwishoni mwa 2022 na Februari 2023 iliondoa mitandaoni zaidi ya tamthilia fupi 25,000, na tangu Juni 2024 kazi huainishwa kwa kiasi cha fedha kilichowekezwa. Hatua hizo zinachuja matusi na damu, hazigusi lango. Kinachoweza kuligusa ni mabadiliko ya biashara yenyewe. Hongguo, programu ya kampuni ya ByteDance, inaonyesha tamthilia bure na kupata fedha kwa matangazo. Tangazo nalo linataka mtazamaji asiondoke, lakini angalau haliweki kufuli kila baada ya dakika. Julai 2024 Kuaishou walitoa tamthilia fupi ya viumbe vya hekaya za kale iliyotengenezwa kwa akili mnemba, kwa hiyo majoka na panga zinazoruka, zilizokuwa zikimeza bajeti, zinaendelea kuwa rahisi. Mtayarishaji atakayetumia nafuu hiyo kulipia siku za mazoezi ya waigizaji, na vipande vitatu vinne ambamo mwanafunzi anashindwa na hakuna anayempigia magoti, atakuwa ameipa simu kile ambacho gazeti la Tianjin lilikuwa nacho mwaka 1932.