Mtoto wa Jicho: Lenzi Ilitoka Wapi, na Tuchague Ipi?

Leo tutazungumza juu ya macho ya wazee wetu.

Wakati mmoja mama alimleta mama mkwe wake kliniki. Mboni zake zilikuwa zimegeuka nyeupe. Nilipotaja upasuaji, nyanya akakataa. "Sista, dada yangu alipasuliwa zamani, akapewa miwani mizito kama kitako cha chupa. Ilipovunjika, akawa hafai tena. Mimi niacheni."

Nyanya hakusema uongo. Alichosema ni historia.

Nyuma ya mboni kuna lenzi, inayokusanya mwanga ili tuone vizuri. Ikiingia ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Si ngozi iliyoota juu ya jicho, na dawa ya matone haiwezi kuuondoa. Hapo kale, katika nchi kama India, waganga waliisukuma lenzi kwa sindano ikaangukia ndani ya jicho. Mwaka wa 1747 daktari Mfaransa, Jacques Daviel, aliitoa nje kabisa. Lakini jicho lisilo na lenzi haliwezi kuona vizuri bila miwani mizito sana. Ndiyo ile ya dada yake nyanya.

Mabadiliko yalitokana na Vita vya Pili vya Dunia. Vioo vya ndege za kivita za Uingereza vilitengenezwa kwa plastiki ngumu. Risasi zilipovivunja, vipande viliingia machoni mwa marubani. Daktari Harold Ridley wa London akaona kwamba baadhi ya vipande hivyo vilikaa ndani ya jicho bila kulidhuru. Kisha mwanafunzi mmoja, akimtazama akitoa mtoto wa jicho, akamwuliza mbona harudishi lenzi nyingine.

Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', Ridley alimwekea mama mmoja lenzi ya plastiki ya aina ile ile. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka mingi. Hatimaye ulimwengu ulimkubali, na uzeeni yeye mwenyewe akawekewa lenzi hizo.

Katika miaka ya 1980 zikaja lenzi laini za kukunjwa, ambazo hupita katika tundu dogo. Mwaka wa 1992 kiwanda cha Aurolab, mjini Madurai, India, kikaanza kutengeneza lenzi za bei nafuu. Bei ikashuka hadi dola chache, na watu wa kipato kidogo wakaweza kuzipata.

Sasa mama, tuchague ipi? Ya kwanza ni lenzi ya umbali mmoja, ndiyo inayotumika zaidi. Mara nyingi hupimwa ili mtu aone mbali: njia, ng'ombe, uso wa mgeni. Kuchagua mchele au kutia uzi kwenye sindano kutahitaji miwani myepesi ya karibu. Ya pili ni lenzi ya umbali zaidi ya mmoja. Hupunguza haja ya miwani, lakini ni ghali, na wengine huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku. Ya tatu hurekebisha jicho ambalo umbo lake limepinda, na si kila mtu anayeihitaji.

Usimweke mzee gizani kwa kungojea pesa za lenzi ghali. Ile ya kawaida, ikipimwa vizuri, humrudisha kwenye shughuli zake. Kabla ya upasuaji, mweleze daktari kazi anazofanya mzee kila siku, kisha uliza: ataona mbali au karibu? Atahitaji miwani gani? Gharama yote ni kiasi gani? Uliza pia kama macho yana ugonjwa mwingine, kwa maana lenzi haiwezi kuuponya.

Baada ya upasuaji, asilisugue jicho, na atiwe matone kama alivyoagizwa. Akiona maumivu makali, au macho yakififia, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiona weupe katika mboni ya mtoto mchanga, usingoje akue. Mpeleke upesi.

Nyanya yule alisikiliza, akauliza, "Kwa hivyo hiyo yangu itakuwa ndani, haiwezi kuanguka ikavunjika?" Nikamwambia ndivyo. Akakubali.

Je, nyumbani kwenu ni nani anayepapasa ukuta? Mlete. Kwaheri, na uwe na afya njema.