Unene wa Mtoto: Fikira Hii Ilitoka Wapi?

Leo tuzungumze juu ya neno moja. Hapa Karagita, jirani akimwona mtoto mwenye mashavu ya kujaa na mapaja yenye mikunjo, husema, "Huyu ana afya kweli!" Hasemi ni mnene. Kwetu afya na unene vimekuwa kitu kimoja. Muuguzi akikuambia uzito wa mtoto umepita kiasi, unashangaa: je, ananionea wivu? Ili tuelewane, tuangalie fikira hii ilikotoka.

Nyanya zetu hawakuwa wajinga. Waliona njaa. Mwaka wa 1984 mvua ilikosekana, na wengi wenu mmesimuliwa habari za mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka nje. Surua na kuhara viliua watoto wengi, na mtoto mwenye mwili alikuwa na akiba ya kupigana na ugonjwa. Hata uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto 115 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Katika uchunguzi wa 2022 walikuwa 41. Kwa hiyo nyanya aliyefurahia mjukuu mnene alikuwa na sababu yake.

Baadaye ikaja biashara. Makopo ya maziwa ya unga yalichorwa watoto wanene wenye tabasamu. Katika nchi za Afrika na Asia, makampuni yaliajiri wanawake waliovaa kama wauguzi kuwasifia akina mama maziwa hayo. Malalamiko yalipozidi, Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo mwaka wa 1981. Kenya ilitunga sheria yake mwaka wa 2012.

Kisha ukaja Ukimwi. Majirani zetu wa Uganda waliuita "slim", kwa sababu ulimkondesha mtu. Hapa kwetu, Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Kukonda kukawa aibu. Mama alimlisha mtoto si kwa sababu ana njaa, bali ili watu wasinong'one.

Na Karagita yetu je? Tangu kilimo cha maua kilipoanza kando ya Ziwa Naivasha miaka ya 1960 ikielekea 1970, watu wametoka Magharibi, Nyanza na Kati kuja kutafuta kazi na kupanga chumba. Mama anatoka alfajiri, mtoto anabaki kwa mlezi. Ploti haina nafasi ya kuchezea. Akilia, anapewa biskuti ili anyamaze. Jioni mama naye, kwa huruma, anamletea soda na krispi. Huo ni upendo, lakini sukari haijui upendo.

Sasa sikiliza kwa makini, maana jicho hudanganya kwa njia tatu.

Kwanza, kuna unene wa kweli. Mtoto aliyezidi uzito yumo katika hatari ya kuwa mtu mzima mnene, na unene huo huleta kisukari na shinikizo la damu. Mwaka wa 2014 wanawake 33 kati ya 100 nchini walikuwa wamezidi uzito. Kufikia 2022 walikuwa 45.

Pili, kuna mtoto aliyedumaa. Ni mfupi kuliko umri wake, basi anaonekana wa mviringo. Mwaka wa 2022 watoto waliodumaa Kenya walikuwa 18 kati ya 100, na waliozidi uzito 3. Huenda huyo unayemwita bonge anakosa maharagwe, mayai na mboga.

Tatu, kuna kuvimba. Mwaka wa 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi katika Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa kwashiorkor. Jina hilo lilitoka kwa akina mama wa huko: ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake alipozaliwa. Mashavu hujaa, lakini ni maji. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde tatu. Shimo likibaki miguu yote miwili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Basi mama, usiamini mashavu. Nenda na kijitabu cha Mama na Mtoto kliniki, uombe apimwe uzito na urefu pia, kwa maana kipimo kimoja hakitoshi. Mpe maziwa yako peke yake miezi sita ya kwanza, kisha chakula mchanganyiko huku akinyonya hata miaka miwili. Mlezi, usitie sukari kwenye uji, na umwache mtoto atambae na kukimbia. Akizidi uzito, usimnyime chakula. Punguza vitamu, kisha muulize muuguzi. Na jirani akisema "ana afya", mjibu: "Tutajua kliniki."